TAHADHARI: Fundi akikuficha namba ya taa ya cheki injini, ondoka na gari lako

Wakuu, habari za jioni. Naandika nikiwa bado na uchungu, ila nimeona nikinyamaza kesho kuna mwenzangu ataingia pale pale nilipoingia mimi. Wenye magari Dar, na hasa kina dada na kina mama tunaokwenda gereji peke yetu, naomba msome hadi chini.

Gari langu ni Toyota dogo la petroli, silinda nne, cc 1,500. Wiki tatu zilizopita nilikuwa natoka Kibaha asubuhi. Nilipofika Kimara kwenye foleni, injini ikaanza kutetemeka, nikikanyaga mafuta gari halivuti, na ile taa ya njano yenye picha ya injini ikawa inawakawaka. Nikaegesha pembeni. Kijana mmoja wa bodaboda akaniambia kuna gereji jirani ina mashine ya kompyuta. Nikaenda.

Fundi akachomeka mashine chini ya usukani, akageuzia kioo upande wake, akasoma, akaguna. "Dada, hii sensa imekufa." Sensa gani? "Sensa ya injini." Nikaomba nione. Akasema ni Kiingereza cha kitaalamu, nitajichanganya bure. Boneti haikukaa wazi hata dakika kumi. Nikalipa 80,000, taa imezimika, nikamshukuru kabisa na kuondoka.

Sasa najua alichofanya. Alifuta tu. Kompyuta ya gari ikigundua hitilafu huiandika kwa namba na kuwasha taa, na karibu kila mashine ya kupimia ina sehemu ya kufuta. Ukifuta, taa inazimika hapo hapo hata kama ubovu uko palepale, kisha inarudi kompyuta ikishauona tena. Na gari langu lilikuwa limepoa pale gereji, kwa hiyo hata ule mtetemo ulikuwa umetulia. Nikaamini limepona.

Siku ya tatu taa ikarudi, inawakawaka vilevile. Nikarudi kwake. Safari hii akaniambia kontroli boksi, yaani ile kompyuta ya gari, imeungua, nitafute laki sita na nusu, na kwamba gari halivuti kwa sababu masega ya kwenye eksozi, kile kifaa cha kusafisha moshi, yameziba. "Ya boksi ujipange taratibu dada, masega nakutolea bure leo, nikusaidie tu, gari litakuwa jepesi na mafuta litakula kidogo." Nilikuwa nimechoka, nina mtoto wa kumpitia shule. Nikakubali. Wakalala chini ya gari, wakakata, wakatoa, wakachomelea. Nikalipa 40,000 ya kuchomelea.

Hiyo "bure" ndiyo iliyoniumiza kuliko pesa zote nilizotoa. Masega yale yamepakwa madini ya platinamu, paladiamu na rodiamu, ambayo ni ghali sana duniani, na wapo watu wanaozunguka gereji kwa gereji kuyanunua. Fundi anayekutolea masega bure analipwa na mtu mwingine, na mzigo anaouza ni wako. Kazi ya masega ni kumalizia kuchoma moshi wenye sumu kabla haujatoka nje. Yanaweza kweli kuziba au kuyeyuka, lakini hayajifii yenyewe tu hivi hivi. Mara nyingi kuna ubovu wa mbele yake uliosababisha, na ukiyatoa bila kutibu huo ubovu hujatengeneza kitu.

Gari likatoka pale na kelele na harufu kali, na mtetemo bado upo. Jirani yangu akanipeleka kwa fundi wake, mzee wa makamo ya baba yangu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, na swali lake la kwanza lilikuwa hili: "Mwanangu, hiyo taa inawaka tu, au inawakawaka?" Siku zote hizo hakuna aliyekuwa ameniuliza.

Akachomeka mashine yake, akanigeuzia kioo nisome mwenyewe: P0302. Akanifafanulia kwa Kiswahili. P maana yake ni mambo ya injini na gia. 03 ni familia ya makosa ya uwashaji. 02 mwishoni ni silinda namba mbili, haichomi mafuta yake sawasawa, kwa maneno mengine inamisi. Kisha akasema jambo ambalo ningependa kila mwenye gari alijue: namba inakuonyesha pa kuanzia kutafuta, haikuambii ununue nini. Silinda ikimisi inaweza kuwa plagi, koili inayoipa plagi umeme, nozeli inayonyunyiza mafuta, au hata injini yenyewe kupungua nguvu.

Hakunituma dukani. Alichomoa koili ya silinda ya pili akaibadilishana na ya silinda ya tatu, akafuta namba, akawasha gari likapata moto, tukazunguka mtaani. Mtetemo ukaanza tena. Akasoma: P0303. "Umeona? Ugonjwa umehama na koili." Koili ya mtumba kutoka mtaa wa Gerezani hapa Dar ilikuwa 45,000, ufundi 15,000. Gari likatulia kama zamani. Elfu sitini jumla, baada ya kupoteza laki moja na ishirini na masega yangu, na kuponea chupuchupu kununua kontroli boksi ambayo haikuwa na kosa lolote.

Mzee alinieleza pia kwa nini kuwakawaka ni hatari. Silinda ikimisi, petroli isiyochomwa inapita hadi kwenye eksozi na kuungulia ndani ya masega, yanapata moto kupita kiasi na yanaweza kuyeyuka. Taa inapowakawaka gari linakuambia jambo hilo linatokea sasa hivi. Toa mguu kwenye mafuta, tafuta pa kusimama, na ikiwezekana livutwe. Kwa hiyo yule wa kwanza, aliponifutia taa na kunirudisha barabarani, alikuwa ananiharibia yaleyale masega aliyokuja kuyakata.

Ikiwaka moja kwa moja bila kuwakawaka, na gari linakwenda kawaida, hakuna haja ya kuingia gereji ya kwanza unayoiona. Pima oili, angalia kama mfuniko wa tanki umekazwa, maana kwa baadhi ya magari hata mfuniko uliolegea unawasha taa, kisha nenda kwa fundi unayemwamini ndani ya siku chache. Lakini ikiambatana na taa nyekundu ya oili, au mshale wa joto umepanda, hiyo ni habari nyingine. Simama, zima injini, na usiguse mfuniko wa rejeta mpaka ipoe.

Sasa hivi nikifika gereji yoyote naomba kuiona namba na naipiga picha kwa simu yangu kabla hajafuta chochote. Spea ikibadilishwa, ya zamani narudishiwa mkononi. Nilipomdai yule fundi masega yangu alinijibu yametupwa, na ile sensa "iliyokufa" hakuwahi kunionyesha. Bei tunakubaliana kwa meseji. Wapo wanaonunua kile kifaa kidogo kinachochomekwa chini ya dashibodi na kusomwa kwenye simu. Kinafaa, ila jaribu kwanza kwenye gari lako, kwa sababu baadhi ya magari ya miaka ya mwanzo ya 2000 yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hayasomeki vizuri nacho.

Wanaotaka kununua gari kwa mtu, hii mbinu ya kufuta inawahusu pia. Muuzaji anafuta asubuhi, unakuja mchana dashibodi safi. Wengine wanang'oa kabisa kitaa chenyewe. Washa swichi bila kuwasha injini: taa ya cheki injini lazima ionekane, halafu izimike injini ikishaunguruma. Isipoonekana kabisa, uliza kwa nini kabla hujatoa hata shilingi. Na fundi wako mwenye mashine nzuri atazame kama majaribio ambayo kompyuta ya gari hujifanyia yamekamilika. Mengi yakiwa hayajakamilika, huenda kumbukumbu imefutwa karibuni, au betri imechomolewa.

Gereji siitaji jina. Sina risiti, sina ujumbe hata mmoja wa maandishi, na niliyakubali mwenyewe kwa mdomo wangu. Ila ukisikia maneno "masega nakutolea bure", chukua ufunguo wako.

Jumatatu iliyopita taa imewaka tena, safari hii bila kuwakawaka. Mzee akasoma P0420, akaniambia kompyuta inayatafuta masega haiyaoni yakifanya kazi. Chini ya gari langu kuna ganda tupu lililochomelewa. Kwa hiyo nina ombi kwenu: mwenye kujua duka linalouza masega ya Toyota cc 1,500 yenye karatasi zinazoonyesha yalikotoka, aniandikie na anitajie bei. Nahitaji hizo karatasi kwa sababu sitaki kufungiwa masega aliyokatiwa dada mwingine kama mimi.