Gari jipya la haibridi: lipi kwanza, lipi mwisho, na nani asinunue kabisa

Anayetaka kununua haibridi mpya, yaani gari lenye injini ya mafuta na mota ya umeme kwa pamoja, huvutwa huku na huku. Leo anapiga hesabu ya mafuta na kutabasamu, kesho anajiuliza: betri ikifa, nitauza figo? Tabasamu na hofu vyote vina haki yake, ila nadhani tunaipa betri hofu nyingi kuliko inavyostahili, na tunahesabu mafuta tutakayookoa bila kuangalia njia tunayopita kila siku. Njia ndiyo inayoamua.

Halafu kuna suala la kibandiko. Magari matatu yanaweza kuandikwa haibridi nyuma, na kila moja likala mafuta kivyake. Nimeyapanga hivi kwa mnunuzi wa kawaida.

Namba moja: haibridi kamili, isiyochomekwa kwenye umeme

Hii ndiyo aina ambayo Toyota ilianza kuiuza na Prius mwezi Desemba 1997. Ina injini ya petroli, mota ya umeme na betri ndogo. Kwenye foleni injini inajizima na gari linasogea kimya kwa mota. Ukikanyaga breki, mota inageuka jenereta na kurudisha umeme kwenye betri, nishati ambayo kwenye gari la kawaida ingepotea kama joto la breki. Kwa hiyo anayeshinda kwenye mataa, matuta na foleni anafaidi kwelikweli. Anayekimbia barabara kuu kwa mwendo mmoja saa tatu mfululizo hana breki za kuvuna, na faida yake inapungua sana.

Piga hesabu yako mwenyewe, usimwachie muuzaji. Tuseme gari la petroli unalolitaka linakula lita 8 kwa kilomita 100, na mwenzake wa haibridi lita 5. Ukiendesha kilomita 15,000 kwa mwaka, umeokoa lita 450. Zidisha kwa bei ya lita, kisha chukua tofauti ya bei ya magari hayo mawili uigawanye kwa jibu ulilopata. Hiyo ndiyo idadi ya miaka ya kurudisha pesa yako. Ukiendesha kilomita 5,000 tu, lita zinashuka hadi 150, na huenda ukaliuza gari kabla halijajilipa.

Tuje kwenye betri. Kompyuta ya gari haiiachi ijae kabisa wala iishe kabisa, inaichezesha katikati, na hilo linaifanya idumu miaka mingi. Watengenezaji wengi huipa waranti yake ya peke yake, mara nyingi miaka 8 au kilomita 160,000, ingawa masharti hutofautiana nchi na nchi. Adui anayesahaulika ni vumbi. Kwenye Toyota nyingi kuna matundu ya plastiki pembeni au chini ya kiti cha nyuma, na hapo ndipo feni inapovuta hewa ya kupoza betri. Watu huegemeza begi pale, au nywele za mbwa zinajazana kwenye kichujio, betri inapata joto, kisha lawama zinaiendea teknolojia. Kichujio hicho kinachomolewa kwa mkono na kusafishwa kwa dakika chache.

Kinachowaacha watu njiani mara nyingi ni ile betri ndogo ya volti 12. Ikifa, kompyuta haziamki na gari haliwaki, hata kama betri kubwa ina umeme wa kutosha.

Upande wa matengenezo kuna nafuu ambayo wengi hawaitarajii. Mfumo wa Toyota hauna stata wala alteneta ya kawaida, hauna klachi, na breki hudumu kwa sababu mota inafanya sehemu kubwa ya kazi ya kupunguza mwendo. Kero yake ni kelele: ukikanyaga mafuta kupanda mlima, injini inapiga ukelele mmoja mrefu huku mwendo ukipanda taratibu. Wengine huzoea, mimi bado inanikera. Jaribu gari kwenye mlima, siyo kuzunguka yadi tu.

Nissan ina njia yake, e-Power, iliyoanza na Note mwaka 2016. Injini haigusi magurudumu kabisa, kazi yake ni kuzalisha umeme tu, na mota ndiyo inayosukuma gari. Mjini ni laini na tamu kuendesha. Kama safari zako nyingi ni ndefu na za kasi, chukua ya Toyota.

Namba mbili: petroli ya kawaida

Ndiyo, inazipita haibridi mbili zilizobaki. Kama unaendesha kidogo, au fundi unayemwamini hana mafunzo ya umeme mkubwa, petroli rahisi bado ni ununuzi wa akili. Zile nyaya nene za rangi ya chungwa chini ya boneti hazishikwi na fundi wa kubahatisha.

Namba tatu: haibridi ya kuchomeka

Mwenye soketi pale gari linapolala, na safari fupi kila siku, aipandishe hadi namba moja. Nyingi za sasa huenda kilomita 50 hadi 100 kwa umeme mtupu. Tatizo ni kwamba wengi hawachaji, wanabeba betri nzito bure huku injini ikifanya kazi yote. Tume ya Ulaya ilitoa mwaka 2024 takwimu za magari yaliyosajiliwa 2021: kwenye matumizi halisi, haya ya kuchomeka yalitoa hewa ya ukaa karibu mara 3.5 ya ilivyoandikwa kwenye karatasi za majaribio. Ukiona lita 1.5 kwa kilomita 100 kwenye brosha, ujue hiyo ni ya mtu anayechaji kila usiku.

Mwisho: haibridi nyepesi

Mota ndogo, mara nyingi ya volti 48, inaisaidia injini kidogo na kuizima ukisimama. Kwa kawaida haiwezi kulisukuma gari peke yake. Siyo gari baya, ila usilipie nyongeza kwa sababu ya kibandiko.

Kabla ya kusaini, funua sakafu ya buti uone kama kuna tairi la akiba, maana haibridi nyingi hukupa kopo la dawa ya pancha tu. Kisha omba kwa maandishi bei ya betri kubwa pamoja na ufundi wa kuifunga, na uulize kama moduli moja mbovu, yaani kipande kimoja cha betri, inaweza kubadilishwa peke yake au lazima ununue betri nzima. Muuzaji akikujibu kwamba betri hizo haziharibikagi, nenda yadi nyingine.