Nimelipia kuonja mvinyo Dodoma, nikaambiwa "nyie mnaweza kuja hata siku nyingine"

Naandika hasira bado iko juu, mtanivumilia. Jina la kiwanda silitaji, sitafuti kesi na mtu. Ni kiwanda kidogo cha mvinyo nje ya mji, wana shamba lao la zabibu na tangazo lao linasema "ziara ya mlimani". Mlima wenyewe ni kilima cha mawe chenye pimbi na mibuyu miwili mitatu. Hilo nawasamehe, maana ukisimama pale juu ukaangalia mizabibu ilivyo kijani katikati ya nchi kavu namna ile, unakubali kwamba hata neno mlima si kosa kubwa.

Dada yangu na shemeji walikuja kutoka Dar. Tangu treni ya SGR ianze kufika huku mwaka 2024, sisi wakazi wa Dodoma tumekuwa wenyeji wa ukoo mzima, na kila mgeni akishuka stesheni anauliza zabibu ziko wapi. Kawaida nawapeleka kwa akina mama wanaouza kwenye ndoo kando ya barabara, tunamaliza. Safari hii nikasema niwafanyie mambo. Nikalipa mapema kwa simu, 30,000 kwa kichwa: shamba, kiwanda, kisha kuonja aina tano.

Kijana wa kututembeza alianza vizuri. Hatujafika hata mwisho wa safu ya kwanza, simu yake ikaita. "Samahani, kuna ugeni." Akakimbia. Nasema akakimbia, si kwamba alitembea haraka. Mara geti likafunguliwa lote, zikaingia V8 zenye namba za ST, magari ya serikali, vumbi likatufunika, na sisi tukabaki katikati ya mizabibu saa saba mchana. Jua la Dodoma la saa saba mnalijua.

Tukasubiri. Dada akakaa kwenye jiwe. Shemeji, ambaye huwa hakosi neno, akanyamaza kabisa, nikajua mambo yameharibika. Nikamfuata yule kijana mpaka barazani, nikamkuta anapanga glasi za kioo kwenye kitambaa cheupe. Nikamwambia kwa upole, "Mdogo wangu, na sisi tumelipa." Akaniangalia kuanzia viatu mpaka kitambaa cha kichwani. "Dada, hawa ni watu wa ofisi. Nyie mnaweza kuja hata siku nyingine."

Nyie! Mtu amepanda treni, amelala kwangu kwenye kochi, kesho yake anarudi kazini, anaambiwa siku nyingine. Nimeishi mji huu wa serikali muda wa kutosha, msafara ukipita nasimama pembeni kama wenzangu, sina neno. Lakini hapa sikuwa barabarani. Nilikuwa mteja, na meseji ya malipo ninayo kwenye simu. Pengine na hao walilipia kupitia ofisi yao, siwezi kuwasemea. Na kusema haki, hakuna hata mmoja wao aliyetufukuza, mmoja alitusalimia vizuri tu. Aliyetufukuza ni mtu tuliyemlipa.

Nilikuwa nimeshaamua tuondoke nidai hela yangu, ndipo akatokea mzee mwenye mkasi wa kupogolea. Dada akamwamkia, "Shikamoo babu," mzee akaitikia, akaona sura zetu, akasema, "Njooni huku kwenye kivuli, msiungue bure." Jamani, yule mzee ndiye ziara.

Alitueleza kwamba huku hakuna baridi kali ya kuulaza mzabibu, kwa hiyo mkulima anaulaza mwenyewe: anapunguza maji, kisha anaupogoa, ukichipua ni kama miezi minne unavuna. Ndiyo sababu Dodoma inavuna mara mbili kwa mwaka, Februari na Machi, halafu tena Agosti na Septemba. Yeye anapenda ya kiangazi, kwa sababu ile nyingine inakutana na mvua, ubwiri, ule ugonjwa wa ukungu, unasumbua na sukari inapungua. Akachuma punje ya aina ya zabibu inayoitwa Makutupora nyekundu, akaikamua kiganjani mwa shemeji: maji yake karibu meupe. Rangi yote iko kwenye ganda, ndiyo maana mvinyo mwekundu unachachushwa pamoja na maganda, ilhali mweupe zabibu zinakamuliwa kwanza. Shemeji anakunywa vitu hivi miaka yote na hakuwahi kujua. Akaanza tena kuongea, nikashukuru Mungu.

Mzee akatuambia na habari za wakulima wadogo. Zabibu ikishakatwa, siku chache tu inaoza. Kiwanda kikichelewa kuja, mkulima anauza kwa bei ya kutupa, au kama ana mahali pa kusindika anakamua na kuhifadhi mchuzi wa zabibu kwenye matangi auze baadaye. "Zabibu ikiiva haimsubiri mtu," alisema. Nikamwangalia yule kijana kule barazani na glasi zake. Sisi tulisubiri.

Basi hasira ikaanza kushuka, nikasema nitawapa nyota nne. Tukaitwa kuonja. Tukaonjeshwa kwenye vikombe vya plastiki, vile vya maji ya msibani. Aina tano zikawa tatu. Chenin Blanc, mvinyo wao mweupe, ilikuwa ya moto, imekaa nje ya friji, na bado, niseme ukweli unaoniuma, ilikuwa nzuri. Nilipouliza mwekundu mkavu, kijana akasema umeisha. Umeisha! Chupa nilikuwa naiona, meza ya pili, imefunguliwa na haijafika nusu.

Kwa hiyo nyota mbili. Hapana, moja, na hiyo moja ni ya mzee, asigawane na mtu. Ingawa mweupe wao nilinunua chupa mbili, ndiyo, msinicheke. Tumeshakunywa moja nyumbani ikiwa baridi na nyama choma ya mbuzi, na dada kutoka Dar ananipigia kuuliza ile ya pili iko wapi. Mvinyo hauna kosa. Mzee alisema Februari watakuwa wanavuna tena, na shemeji ameshaanza kuulizia tiketi, kwa hiyo sioni nitakwepaje.

Mkienda, pigeni simu kwanza muulize kama siku hiyo kuna mheshimiwa. Wakisema hakuna, mkifika getini ulizeni tena kabla hamjalipa.