Uzoefu wangu: mkaa wa bei nafuu unaofaa kuchomea nyama uani

Bei iliyoandikwa kwenye mfuko wa mkaa haitoshi kukuambia kama mkaa huo ni rahisi au ghali. Nasema hivyo baada ya kununua karibu kila aina niliyoweza kuipata: mifuko ya karatasi yenye chapa na picha ya moto mwekundu, magunia yasiyo na jina, mkaa wa vifuu vya nazi, na ule wa kubumba. Nachoma nyama uani mara kwa mara, kwa hiyo mkaa kwangu ni matumizi ya kudumu, na nilitaka kujua pesa yangu inaishia wapi.

Njia niliyotumia ni nyepesi. Mfuko mpya naumwaga wote juu ya turubai na kuugawa mafungu matatu: mapande makubwa, vipande vya kati, na chenga pamoja na vumbi lake. Kisha kila fungu napandisha kwenye mizani. Mfuko mmoja wa bei ya chini kabisa, ulioandikwa kilo 10, ulitoa chenga zaidi ya kilo 2. Juu yalikaa mapande ya kupendeza macho, chenga zote zilikuwa zimetulia chini. Kwa kiasi fulani si hila ya mtu. Mkaa ukisafirishwa mbali, ukarushwa kutoka gari hadi gari na kurundikwa, unajisaga wenyewe, na mfuko wa chini ya rundo ndio unaoumia zaidi. Kwa hiyo siku hizi sichukui mfuko wa chini. Kabla ya kulipa naukamata kitakoni kwa mikono miwili na kuuminya. Chenga zinateleza kimyakimya ndani ya mfuko; vipande vizima vinagongana, unavisikia.

Kwa nini nazikasirikia chenga kiasi hicho? Kwa sababu zinaziba hewa. Moto wa mkaa unaishi kwa hewa inayopanda kutoka chini kupitia nafasi zilizo kati ya vipande. Chenga zikijaza nafasi hizo, moto unafifia, inabidi upepee, majivu yanaruka juu ya nyama, na bado upande mmoja wa jiko unawaka na mwingine umelala. Hata viwango vya Ulaya vya mkaa wa kuchomea, EN 1860-2, vinaweka kikomo cha vipande vidogo vinavyoruhusiwa mfukoni. Viwango hivyohivyo vinataka kaboni isiyopungua asilimia 75, majivu yasiyozidi asilimia 8 na maji yasiyozidi asilimia 8. Ukiona namba hiyo ya kiwango kwenye mfuko, angalau kuna kitu cha kushikilia.

Hayo maji ndiyo watu wengi hawayafikirii. Mkaa unavuta unyevu kutoka hewani hata kama haujanyeshewa, na uliolala kwenye ghala lenye unyevu unaweza kubeba maji mengi bila kuonekana umelowa. Chukua mfuko wa kilo 10 wenye maji asilimia 15. Hapo kilo moja na nusu ni maji. Toa na kilo 2 za chenga, umebaki na kilo 6.5 hivi za mkaa wa kuchomea. Mfuko mwingine wa kilo 10, mkavu na wenye chenga chache, unaweza kukuachia kilo 9. Ukigawa bei kwa kilo zinazobaki, utaona kwamba mfuko wa pili unaweza kuzidi bei kwa theluthi nzima na bado ukawa ndio rahisi. Hesabu hii ndiyo iliyobadilisha ununuzi wangu kuliko ushauri wowote.

Kuna jambo jingine linaloendana na hilo: unanunua kwa mizani au kwa ujazo? Kwa ujazo, yaani kwa gunia au ndoo, uzito ni rafiki yako. Mkaa wa mti mgumu ni mzito, kwa hiyo gunia lilelile linabeba moto mwingi zaidi kuliko la mti laini. Likikuelemea mabegani, ndilo la kuchukua. Kwa mizani mambo yanageuka, kwa sababu kilo ya mkaa mkavu wa mti laini na kilo ya mkaa mkavu wa mti mgumu zinakaribiana sana kwa joto, na kinachoongeza uzito bila kuongeza joto ni maji, mchanga na kokoto. Nimeshakuta kokoto za kutosha kujaza kiganja. Kwa hiyo penye mizani natafuta ukavu na usafi kwanza, ugumu wa mti baadaye.

Kujua kama mkaa umeiva vizuri hakuhitaji kifaa. Gonga vipande viwili. Ulioiva unalia kwa sauti kali, kama vigae. Mbichi unatoa mlio mzito wa kuni. Kisha vunja kimoja. Ulioiva unakatika safi, ndani unang'aa mweusi, na mistari ya mti bado unaiona. Kipande chenye rangi ya kahawia ndani, kinachogoma kuvunjika, ni kisinga: kuni ambayo haijamaliza kuwa mkaa. Kitakutolea moshi mzito na kuwaka kwa ulimi wa moto badala ya kutulia kuwa kaa. Kimoja au viwili mfukoni navumilia, naviweka pembeni kwa kuwashia. Vikizidi, muuzaji huyo simrudii.

Mkaa mzuri kuliko wote niliowahi kuuwasha ni binchotan wa Kijapani, unaochomwa kutoka kwenye mwaloni na kupandishwa joto kali mwishoni mwa uchomaji. Unalia kama chuma, hautoi moshi wa kusumbua, na unakaa na joto muda mrefu ajabu. Lakini ni ghali, ni mgumu kuwasha, na kwa nyama ya kawaida ya uani sioni sababu ya kuununua tena. Wa vifuu vya nazi ulinipendeza zaidi kwa pesa yake: mzito, una moshi kidogo na joto thabiti. Mkaa wa miti laini, ambao wengi wanaudharau, una kazi yake. Unashika upesi na kutoa joto kali la muda mfupi, basi kwa vipande vyembamba vya nyama unatosha kabisa. Kosa lake ni kurusha cheche, kwa hiyo watoto wakae mbali unapowasha.

Ule wa kubumba nautaja kwa sababu kila mtu anauliza. Ni vumbi la mkaa lililogandishwa, mara nyingi kwa wanga. Marekani ulianza kuenea miaka ya 1920, Henry Ford alipoanza kuyageuza mabaki ya mbao za kiwanda chake cha magari kuwa mkaa wa namna hiyo. Faida yake ni usawa: kila kipande kinafanana na kingine, joto halipandi na kushuka ovyo, na kwa nyama kubwa ya kuchomwa saa nyingi unasaidia sana. Lakini majivu ni mengi na yanaziba matundu ya chini. Ule uliopakwa dawa ya kuwakia haraka sinunui, kwa sababu usipousubiri uungue vizuri, harufu yake inaingia kwenye chakula.

Kinachookoa pesa kuliko kubadilisha aina ya mkaa ni namna ya kuutumia. Nawasha kwa mkebe mrefu wenye matundu chini: karatasi iliyotiwa mafuta kidogo ya kupikia, mkaa juu yake, basi. Moshi mweupe wa mwanzo ni maji na gesi za mti zinazotoka, kwa hiyo nyama haiendi jikoni mpaka moshi huo uishe na vipande vivae jivu la kijivu. Mapande makubwa yanakaa chini, ya kati juu. Zile chenga nilizozitenga sizitupi. Nanyunyiza kidogo juu ya makaa mekundu dakika za mwisho, wakati hewa tayari inapita vizuri. Nikimaliza kuchoma nafunika jiko na kuziba matundu yote. Moto unakufa kwa kukosa hewa, na mkaa uliobaki unatumika tena safari ijayo. Mkaa wa mti mgumu unakubali sana kuwashwa mara ya pili. Jiko lisilo na mfuniko linakunyima akiba hiyo, na hapo koleo na ndoo ya bati yenye kifuniko vinafaa. Ndoo ibaki nje, maana makaa yanayoonekana yamezimika bado yanaweza kutoa gesi ya sumu isiyo na harufu, na mkaa wowote haupaswi kuwashwa ndani ya nyumba.

Nalijali hili la akiba kwa sababu nyingine pia. Kwenye matanuri ya udongo ya kienyeji, kilo moja ya mkaa inaweza kula kilo 5 hadi 10 za kuni. Kila kipande ninachokiacha kiteketee bure kimetoka kwenye mti. Panapokuwepo mkaa wenye alama ya FSC, yaani alama ya misitu inayosimamiwa vizuri, kwa tofauti ndogo ya bei, nachukua huo. Baadhi unatoka Namibia, ambako vichaka vilivyovamia malisho vinakatwa na kuchomwa mkaa, na katika kuwaka kwake sijauona upungufu wowote.

Ninaonunua sasa ni mkaa wa kawaida wa miti migumu iliyochanganywa, usio na chapa kubwa, kwa muuzaji ambaye mzigo wake unatoka upesi na kuingia mwingine, anayeuhifadhi juu ya mbao na sio sakafuni. Vipande vingi ni vya sentimita 4 hadi 8, chenga haijafika sehemu ya kumi. Kwa pesa yake naupa nyota nne kati ya tano. Nyota moja naizuia kwa sababu mara chache nimekuta humo vipande vilivyonyooka kama mbao za kupasuliwa, na mbao za fanicha kuukuu zinaweza kuwa na rangi au gundi. Hivyo navitoa kwa mkono kabla ya kuwasha. Chenye msumari kinaenda moja kwa moja kwenye taka. Mifuko nanunua miwili kwa mkupuo, sizidishi, na naiweka ndani ya pipa lenye mfuniko ili isivute unyevu kabla sijaifikia.