Uzoefu wangu: Kwa basi kutoka Addis Ababa hadi Lalibela

Nilizuru Ethiopia Februari 2019 nikiwa na shanta moja mgongoni, na safari yote ya Addis Ababa, Bahir Dar, Gondar na Lalibela niliifanya kwa basi. Wengi huenda huko kwa ndege, nami sikatai kwamba ndege huokoa siku nyingi. Hata hivyo, aliyeteremka na basi hadi chini ya korongo la mto Abay, yaani Nile ya Buluu, akavuka daraja na kupanda tena upande wa pili kona baada ya kona, hufika Gondar, mji mkuu wa zamani wa wafalme, akiwa amekwisha kuelewa jinsi ilivyokuwa vigumu kwa jeshi kuufikia mji huo kutoka kusini.

Tiketi yangu ya kwenda Bahir Dar iliandikwa mwaka 2011, kwa kuwa kalenda yao iko nyuma ya yetu, na saa ya kuondoka ilikuwa 11:00. Mimi, mzaliwa wa Mombasa, sikuhitaji kuelezwa, maana Waethiopia huhesabu saa kama sisi, kuanzia macheo, na saa kumi na moja alfajiri nilikuwa kitini. Wageni wawili wa Ulaya niliokutana nao baadaye walifika kituoni saa tano asubuhi, basi lao likiwa limeondoka zamani.

Basi hilo kubwa lilikuwa safi na kila abiria alikuwa na kiti chake. Kero niliipata kwenye basi dogo la Bahir Dar hadi Gondar, mwendo wa kilomita 180 hivi. Mpiga debe aliniapia kwamba linaondoka papo hapo, kisha tukakaa karibu saa mbili tukingoja lijae, na shanta langu likatozwa nauli ilhali mizigo ya wenyeji haikutozwa. Joto lilikuwa kali, lakini kila nilipofungua dirisha, abiria wa nyuma alilifunga kwa upole, kwani wengi huamini kwamba upepo wa safarini huleta maradhi. Mama aliyeketi kando yangu aliona jasho linavyonitiririka, akaipasua ndimu kwa kucha na kunipa nusu niinuse, na kichefuchefu kikatulia.

Gondar iliyafidia yote hayo. Mfalme Fasilides aliufanya mji mkuu wake mwaka 1636, na ngome yake ya mawe ingali imesimama, ila mimi nilikaa muda mrefu zaidi katika kanisa la Debre Berhan Selassie, chini ya dari iliyojaa nyuso za malaika, safu kwa safu, wenye macho makubwa yaliyotulia.

Kufika Lalibela kulinichukua siku nzima, na kutoka mji mdogo wa Gashena barabara ilikuwa ya vumbi tupu. Kiingilio cha mgeni kwa makanisa yote 11 yaliyochongwa mwambani kilikuwa dola 50, nami sikujutia hata senti. Mojawapo, Bet Giyorgis, limechongwa kwenda chini ndani ya mwamba mmoja, kwa umbo la msalaba, kina cha mita 12 hivi, na hulioni mpaka umefika ukingoni kabisa.

Tangu wakati huo kumekuwa na vita vya Tigray, vilivyoanza Novemba 2020, na mapigano ya Amhara, jimbo lenye miji hii, tangu 2023, ambayo yameziathiri barabara hizihizi. Anayepanga safari aulize kwanza hali ya usalama, na njia ikiwa salama, atenge siku nzima kwa kila mji anaouendea.