Allcove ya Palo Alto: kituo cha vijana ambacho mzazi hutakiwa kusubiri nje

Mwanangu wa miaka 16 alinipa sharti moja kabla ya kukubali kwenda: "Mama, wewe utabaki garini." Nikabaki. Nilikaa na chupa yangu ya chai pale Middlefield Road kwa muda wa saa nzima, nikiutazama mlango alioingia peke yake, na kwa mtu aliyelelewa Tanga, ambako mtoto hufikishwa kwa daktari akiwa ameshikwa mkono na mama au shangazi, saa hiyo ilikuwa ndefu. Naandika tathmini hii kwa ajili ya wazazi wenzangu wa Kiswahili tunaoishi huku California, kwa kuwa najua wengi wataanza kukichunguza kituo hiki wakiwa na wasiwasi kama wangu.

Allcove ni kituo cha afya ya akili na ya mwili kinachopokea vijana wa miaka 12 hadi 25. Kituo cha Palo Alto na kile cha San Jose, vyote katika kaunti ya Santa Clara, vilifunguliwa mwaka 2021 kwa ushirikiano wa kaunti na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Stanford, waliofuata mfano wa vituo vya headspace vilivyoanzishwa Australia mwaka 2006 na vingine vya namna hiyo vya Ireland na Kanada. Hata hivyo, kilichonivutia si Stanford. Jina, nembo na mwonekano wa vyumba vilitokana na kundi la ushauri la vijana wenyewe. Jina lao wamelitoa katika neno la Kiingereza "alcove", lenye maana ya nafasi ndogo iliyochimbwa ukutani, wakaliongezea herufi moja ili libebe pia maana ya "wote". Sisi wa pwani tungesema kidaka, kama vile vya kuta za nyumba za mawe za Lamu, na sidhani kama kamati ya madaktari ingeliwaza neno la namna hiyo.

Faida ya kuwaachia vijana kazi hiyo niliiona niliporuhusiwa kuingia. Sikukuta koti jeupe wala harufu ya dawa. Muhimu zaidi ni mpangilio wa huduma: ushauri nasaha uko chini ya paa moja na matibabu ya mwili, msaada kwa anayetumia vileo au dawa za kulevya, msaada wa masomo na kutafuta kazi, pamoja na vijana wenzao waliofunzwa kusikiliza. Anayekuona ukiingia hawezi kujua umefuata nini. Katika jamii zetu, ambamo neno la kichaa hutolewa haraka na kufutwa kwa shida, jambo hilo peke yake linatosha kumvusha kijana kizingiti.

Tulikotoka kulikuwa tofauti. Kliniki moja, ambayo sitaitaja, ilituzungusha miezi mitatu kwa simu na fomu za bima, na siku tulipopata nafasi mwanangu aliulizwa kuhusu usingizi wake na mawazo yake huku mimi nimeketi ubavuni pake, akawa anajibu kwa kutikisa kichwa. Allcove hutoa huduma bure au kwa gharama ndogo, na asiye na bima hafukuzwi. Fedha za kuanzishia zilitoka kwenye kodi ya asilimia 1 ambayo wapiga kura wa California waliipitisha mwaka 2004 kwa wenye kipato kinachozidi dola milioni moja kwa mwaka. Ni mara chache nimeona kodi ikifika mahali ninapoweza kukalia.

Yapo ya kuzingatia. Sheria ya California humruhusu mtoto kuanzia miaka 12, mtaalamu akiridhika kuwa amekomaa vya kutosha, kuridhia mwenyewe ushauri nasaha, na mzazi anaweza asielezwe yaliyozungumzwa. Sheria hiyo ilinichoma, na bado sijaizoea, ingawa najua kwamba mwanangu asingefungua kinywa bila hiyo. Pili, kituo kimekusudiwa kuyawahi matatizo yakiwa mapya au ya wastani. Aliye katika hatari ya kujidhuru apige simu namba 988 mara moja, asisubiri miadi. Tatu, lugha. Msaada kwa familia upo, lakini mimi ninaposema kwamba mtoto "ana mawazo", ninamaanisha kitu kizito kuliko tafsiri yake ya Kiingereza, na mzazi afadhali ajiandae kueleza kwa mifano: hali chakula, hatoki chumbani, ameacha mpira.

Siku ile ya kwanza alirudi garini, akaomba chai, hakusema kingine. Alhamisi iliyofuata alinipandisha cheo kutoka garini hadi kwenye kochi la mapokezi. Zaidi ya hapo sijaruhusiwa.