Formula au rali: njia ipi kwa kijana wa Unguja?

Vijana wa Mwanakwerekwe wanaofuatilia Formula 1 kwenye simu huniuliza kipi bora: gari la kiti kimoja, yaani Formula, au rali. Nawajibu rali, tena kwa uchungu, maana vipaji vipo.

Formula huanza na gokati, vigari vidogo vya mbio, utotoni. Lewis Hamilton alianza akiwa na miaka 8. Formula 4 huingiwa kuanzia miaka 15, kisha F3 na F2. Leseni ya Formula 1 kwa kawaida hutaka miaka 18 na pointi 40 za matokeo ya mbio ndani ya misimu mitatu. Ngazi hizo karibu zote ziko Ulaya, na kila msimu unalipiwa. Hapa Afrika, mbio za mwisho za Formula 1 zilifanyika Kyalami, Afrika Kusini, 1993.

Rali iko jirani. Safari Rally ya Kenya ilirudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, kule Naivasha: vumbi limeziba kioo, na msaidizi aliye pembeni anakusomea kona kabla hujaiona. Hata fundi wa gereji anaweza kuanza ukubwani. Ila shingo ya dereva wa Formula 1, inayohimili mara tano ya uzito wa kichwa kwenye kona kali, hiyo rali haikujengei.