Mashine ya CRP kando ya inkubeta: miezi minane ya kuitumia

Mimi ni nesi wa wodi ya watoto njiti, zamu zangu nyingi ni za usiku. Zamani damu ilipelekwa maabara, nasi tukabaki kumkodolea macho mtoto. Mashine hii hupima CRP, protini ya damu inayopanda mwili ukipata maambukizi au uvimbe. Inataka tone moja tu la kisigino, na baada ya dakika nne hivi namba iko kwenye kioo. Kwa mtoto wa gramu 900 hata mililita moja ya damu ni nyingi, kwa hiyo hapo imenipata.

Ila wepesi wake usikudanganye. Usiku mmoja mtoto wa wiki mbili alianza kubakiza maziwa tumboni, ya kijani, na tumbo likakaza. Nikapima: CRP 4, namba ya chini. Daktari wa zamu akashusha pumzi, mimi bado. CRP hutengenezwa na ini, na huchukua saa 10 hadi 12 tangu madhara yaanze ndipo ipande vizuri. Maziwa tukayasimamisha palepale, dawa zikaanza. Asubuhi ikasoma 38, na eksirei ikaonyesha vipovu vya hewa ndani ya ukuta wa utumbo. Ilikuwa NEC, utumbo unaovimba na kuanza kufa.

Kuanzia hapo mashine ikawa na kazi ya maana: kufuatilia kama mtoto anapona. 38, 96, 61, 22. Mama yake alizoea kuniuliza mlangoni, “Sista, leo ngapi?” Namba ikigoma kushuka, au ikishuka kisha ikapanda tena, tunaanza kuwaza usaha au utumbo uliotoboka, na daktari wa upasuaji anaitwa.

Kero zipo. Kimrija cha kuchotea damu ni chembamba, na damu ikiganda kidogo tu unamchoma mtoto upya. Damu ya wachanga ni nzito, hivyo lazima uingize hematokriti, yaani sehemu ya damu ambayo ni chembe nyekundu, kwa mkono. Ukisahau, jibu linapotoka. Chembe sahani, zile za kugandisha damu, haihesabu, na kushuka kwake ni dalili mbaya ya NEC, kwa hiyo maabara bado tunaihitaji. Wenzangu wangependa ipime na prokalsitonini, kiashiria kingine cha maambukizi, ambayo hupanda mapema zaidi. Sawa, lakini hiyo hupanda yenyewe siku mbili za kwanza baada ya kuzaliwa, hata kwa mtoto asiye mgonjwa.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeinyima kwa ajili ya kile kimrija.